Alisoma mbele ya mgeni rasmi watu wakapiga makofi, mimi nilikuwa naangalia kidole

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, mnaosali Ijumaa, mnaosali Jumapili, na hata ninyi mnaoingia humu kucheka tu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Akaunti yenyewe nilifunguliwa na kijana mmoja wa kazini, mtamjua huko mbele.

Naandika kwa sababu juzi kuna mwenzetu aliuliza kama hizi runinga za darasani na vishikwambi vimewasaidia watoto wetu au vimewaharibu. Nilisoma majibu yote. Wengine walisema vimesaidia, kwa nguvu. Wengine walisema vimeharibu, kwa nguvu vilevile.

Mimi sina jibu la nguvu. Nina kisa. Nitakisimulia kama nilivyokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Mwenye haraka apite, mwenye subira akae.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Babati mjini. Wazazi wangu walitoka Kondoa wakaja kufungua duka la nguo, nikazaliwa hapahapa. Shuleni nafundisha darasa la kwanza na la pili, kusoma na kuandika. Jumamosi na Jumapili nafundisha madrasa msikitini kwetu Bagara. Ndiyo maana hata walimu wenzangu Wakristo wananiita Maalim.

Mwakani nastaafu, Mungu akipenda. Alhamdulillahi, nimefundisha mpaka watoto wa wanafunzi wangu.

Marehemu mke wangu naye alikuwa mwalimu, shule hiyohiyo. Mama Zuhura. Alikuwa hawezi kuona ndala iliyokatika ikitupwa. Ataiokota, ataiosha, ataianika ukutani. Jioni anakaa na kisu kidogo anakata herufi. A ya bluu, B nyekundu, M ya kijani yenye alama ya kisigino cha mtu. Alikata alfabeti nzima, nyingine mara tatu nne, akaziweka kwenye boksi la sabuni.

Nilikuwa namtania, "Mama Zuhura, wewe utamaliza miguu ya Babati yote."

Ananijibu, "Miguu ikichoka kutembea ije kusoma."

Alipofariki, lile boksi nililiacha darasani, kwenye kona. Sikulipeleka nyumbani. Nyumbani lingekuwa kumbukumbu tu, darasani lilikuwa linafanya kazi.

Sasa aje Paskalina.

Huyu ni binti wa kijiji cha Sigino, analelewa na bibi yake mzaa mama. Mama yake yuko Mererani anatafuta maisha. Bibi analima mahindi na mbaazi, na ana ng'ombe wawili, asubuhi analeta maziwa mjini. Anakuja na mtoto, anamwacha getini kwetu, anaendelea na wateja wake.

Paskalina haoni vizuri. Siyo kipofu kabisa. Anaona mwanga, anaona mtu anapita, lakini hajui ni nani mpaka uongee. Kitu kikubwa akikileta karibu kabisa na jicho la kushoto anaweza kukitambua kidogo. Hospitali walisema miwani haitasaidia sana, na kwamba huenda akiwa mkubwa hata huo mwanga ukapungua.

Mwaka alioanza darasa la kwanza, ofisa wa elimu maalumu alikuja. Akasema huyu angefaa kwenda shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona, mkoa mwingine. Bibi akalia pale ofisini. Akasema, "Huyu ndiye anayeniita bibi. Mkimchukua nani ataniita?"

Ofisa alikuwa mtu wa huruma. Akasema, basi tumpe muda. Akijifunza kusoma na wenzake, abaki. Akimaliza darasa la pili hajui kusoma, ataenda, kwa sababu darasa la tatu masomo ni mengi na hatakuwa na wa kumshika mkono.

Nikasema, "Mwacheni kwangu."

Wakuu, hilo ndilo jambo lenyewe. Mtoto asome abaki na bibi yake, au asisome aende mbali. Mengine yote ninayoandika yanazunguka hapo.

Nikatoa boksi la Mama Zuhura.

Kila mapumziko Paskalina alikuwa anabaki na mimi kidogo. Namwekea herufi mkononi. Anaipapasa, anaizungusha, anainusa. Ndiyo, alikuwa anazinusa, sijui kwa nini. Halafu anasema, "Hii ni m ndogo, ina miguu mitatu." Akikosea namwacha aipapase tena. Herufi haikimbii.

Darasa la kwanza lilipoisha alikuwa anajua herufi zote. Darasa la pili likaanza, tukaingia kwenye silabi. Napanga mbili mezani, anapitisha kidole, ba, be, bi. Maneno mafupi alikuwa anayapata, baba, mama, kuku, ingawa polepole sana. Nilikuwa na matumaini. Nilikuwa nashukuru kila nikisujudu.

Ndipo ikaja runinga.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Ile runinga ilikuwa kheri. Kuna wafadhili walitupatia, kubwa, ya ukutani, na flashi yenye masomo ya kusoma. Inaonyesha herufi kubwa kama sinia, sauti nzuri ya dada inatamka, picha inacheza. Aliyekabidhiwa kuisimamia ni mwalimu kijana, Deo, ndiye huyo aliyenifungulia akaunti. Kijana mzuri, mcheshi, anaamkia wazee, ila mdomo wake hauna breki.

Siku ya kwanza aliniambia, "Shikamoo Maalim. Leo pumzika, mwache dada wa kwenye runinga apige kazi. Yeye hadai posho wala hapandi daraja."

Nikamwambia, "Marahaba. Na umeme ukikatika, dada atakwenda wapi?"

"Atakwenda kunywa chai kama sisi."

Tulicheka. Na kweli watoto walibadilika. Watoro walirudi. Kuna mtoto mmoja anayetoka Singe, tangu aanze shule sijawahi kusikia sauti yake, siku ile aliimba na runinga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Niliyaona kwa macho yangu, siwezi kuyakataa. Miaka yangu yote nilikuwa nafundisha "nyati" kwa watoto ambao wengine hawajawahi kumwona nyati. Sasa wanamwona anatembea ukutani.

Nilirudi nyumbani siku ile nimefurahi, na pia nimehisi kama mtu aliyevuliwa koti. Sijui nielezeje. Walimu wa zamani mtanielewa.

Paskalina alikaa mbele kabisa, karibu na ukuta. Nikamuuliza, "Unaonaje runinga yetu?"

Akasema, "Nzuri Mwalimu. Ni taa inayoongea."

Sikulitilia maanani sana neno lile. Nilidhani ni maneno ya watoto.

Ratiba ikabadilika. Kusoma kukawa kwa runinga, asubuhi na baada ya mapumziko, madarasa yakipokezana kwenye chumba changu. Muda wangu wa kukaa na Paskalina na boksi ukawa mdogo, siku nyingine haukuwepo. Lakini ajabu ni kwamba mtoto alianza kung'aa. Hadithi ya mbuzi anaisoma. Hadithi ya mvua anaisoma. Deo alikuwa anazikuza herufi ukutani, anamwambia, "Njoo karibu, gusa, soma." Naye anakuja, anagusa kioo kwa kidole, anasoma bila kukwama.

Deo akaja ofisini anarukaruka. "Maalim! Mtoto wako ametoboa! Herufi zikiwa kubwa anaona!"

Madam Mkuu, mwalimu mkuu wetu, alikuja akasikiliza, akafuta machozi. Ni mama mwenye imani, mwanakwaya. Akasema, "Maalim, Mungu ni mwema." Nikasema, "Ni mwema, Madam."

Nami nilitaka iwe kweli. Nilitaka sana.

Ikapangwa siku ya kuizindua runinga rasmi. Mgeni rasmi anakuja, wafadhili wanakuja, na yule ofisa wa elimu maalumu. Mnajua shule ikisikia mgeni rasmi anakuja. Mawe yanapakwa chokaa, watoto wanakuja na fagio na ndoo, kila kinachoonekana kizee kinaondolewa njiani.

Mimi nilipangiwa viti. Msikitini kwetu tuna viti vya plastiki vya shughuli na turubai, shule ikiwa na jambo tunawaazima, kama kanisa wanavyotuazima sufuria zao kubwa wakati wa Maulidi. Asubuhi nikaenda Bagara na gari dogo la mizigo kuvifuata.

Niliporudi, kabla sijashuka, niliisikia harufu. Harufu ya mpira unaoungua kila mtu anaijua.

Nyuma ya vyoo tuna shimo la taka. Watoto wa darasa la saba walikuwa wamesimama pembeni na fimbo wanachochea. Maboksi, makaratasi ya manila, vijiti vya kuhesabia, vizibo. Na juu yake ndala za Mama Zuhura, zinajikunja, zinadondosha matone meusi.

Nikasimama. Watoto wakaniamkia, "Shikamoo Mwalimu!" kwa furaha, maana walikuwa wametumwa na wamefanya kazi vizuri. Nikawaitikia. Ningewaambia nini?

Madam Mkuu alikuja mbio ameshika kitambaa cha meza. "Maalim, viti vimetosha?" Akaniona uso. "Kuna nini, mzee wangu?"

"Lile boksi la kona, Madam."

"Lile la ndala zilizokatwakatwa? Si zilikuwa ndala tu, Maalim?"

"Zilikuwa ndala, Madam."

Alipomkumbuka marehemu mke wangu na alivyokuwa anazikata, alishika kichwa. Yule mama alitaka kupiga magoti pale majivuni. Nikamzuia. Hakuwa amekusudia, na wageni walikuwa njiani. Nilisema tu, innaa lillahi, moyoni, nikaenda kupanga viti.

Shughuli ikaanza. Nyimbo, ngonjera, risala. Kisha ikaja zamu ya Paskalina.

Amevalishwa sare mpya. Bibi yake yuko kiti cha mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Deo akatangaza kwa kipaza sauti kwamba huyu mtoto ana uoni hafifu, na sasa wageni wataona teknolojia inaweza nini. Akazima sauti ya yule dada. Hadithi ya mbuzi ikatokea ukutani. Paskalina akasogea, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza.

Sauti yake ilikuwa nzuri, wakuu. Haikutetemeka. Maneno yalitiririka kama maji. Watu walikuwa wanaangaliana.

Mimi nilikuwa naangalia kidole.

Nieleze hapa. Madrasa kuna mtoto anayesoma na kuna mtoto aliyehifadhi. Wote mdomo ni uleule, wakati mwingine aliyehifadhi sauti yake ni tamu zaidi. Lakini wote huweka kidole kwenye msahafu, ndivyo tunavyowafundisha. Kidole cha anayesoma hutembea na neno, hukaa kwenye neno gumu, huvuka likivuka. Kidole cha aliyehifadhi huenda tu. Mwalimu wa madrasa hasikilizi kwa masikio peke yake.

Kidole cha Paskalina kilimaliza mstari wakati mdomo uko katikati. Kikarudi, kikapita mahali pasipo na neno. Mwisho kilikuwa kimekaa juu ya tumbo la mbuzi, kwenye picha, na mdomo bado unasoma.

Alipomaliza, makofi. Watu wakasimama. Mgeni rasmi akamkumbatia. Ofisa wa elimu maalumu akachukua kipaza sauti akasema, kwa haya niliyoyaona, huyu mtoto haendi popote, atabaki hapa na bibi yake.

Bibi akapiga vigelegele. Mwanamke wa makamo yale, mbele ya wakubwa, peke yake, mpaka sauti ikakauka.

Mimi nikapiga makofi pamoja nao. Isingekuwa adabu kumwaibisha mtoto mbele za watu, na sikuwa na hakika. Nilijiambia huenda macho yangu ya kizee ndiyo yamekosea.

Kesho yake, mapumziko, nilimwita darasani peke yake. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni KUKU, herufi kubwa kuliko zile za runinga. Nikamsogeza mpaka pua ikagusa ubao.

"Soma, binti yangu."

Akapapasa chaki. Kisha akasema kwa sauti ya hadithi, "Mbuzi wa Asha ni mweupe."

"Soma hili la ubaoni."

Akanishika mkono. Akasema, "Mwalimu, usimwambie bibi."

Nikakaa naye kwenye dawati. Nikamwambia sina hasira. Akaniambia polepole. Alisema ile taa inasema, naye anashika. Ikisema mara mbili tatu, ameshashika yote. Alisema, "Zile za ndala nazishika mpaka nazijua. Za kwenye taa zikiondoka zimeondoka." Kisha akauliza, "Zile za ndala ziko wapi? Nilipapasa kwenye kona, hakuna."

Wakuu, kati ya maswali yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi, hilo ndilo lililonishinda.

Nilimweleza Deo. Kijana alikaa chini kwenye ngazi, utani wote ukamtoka. Akasema, "Maalim, ukisema wanampeleka. Ukinyamaza anabaki na bibi yake. Mimi ningenyamaza."

"Na darasa la tatu?"

"Atashika na la tatu. Kichwa anacho."

"Hesabu atazishika? Barua atakayoandikiwa akiwa mtu mzima atakuwa ameishika kabla haijaandikwa?"

Aliinuka akaenda kuzima runinga, ingawa haikuwa zamu ya kuizima.

Nilijaribu kwanza njia yangu. Nilinunua ndala mpya dukani kwa jirani, nikakata. Mkono wangu siyo wa Mama Zuhura. B yangu ilikuwa kama muhogo. Paskalina akaipapasa akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Mwalimu, hii imevimba." Nami nikacheka. Lakini nilipomaliza kucheka nilijua ukweli uliobaki, na ndio mchungu zaidi. Hata zile za mke wangu zisingeungua, zingemfikisha kwenye maneno mafupi tu. Kitabu kizima hakiwezi kukatwa kwa ndala. Na mimi naondoka mwakani. Kuna watu wanaojua kufundisha kusoma kwa vidole, kwa yale maandishi ya nundunundu, na watu hao hawako shuleni kwetu.

Nilisali alasiri, nikaomba nionyeshwe lililo na kheri na mtoto, si lililo jepesi kwangu. Kisha nikapanda bodaboda kwenda Sigino.

Bibi alikuwa anapiga mbaazi uani, maganda yanaruka. Alifurahi kuniona, akanitolea kigoda, akataka kunichemshia maziwa. Nikamwomba akae kwanza.

Nilimweleza. Alinisikiliza ameshika ule mti wa kupigia mbaazi.

"Mwalimu," akasema, "hakusoma?"

"Alikuwa ameshika kichwani, mama."

"Mlipiga makofi."

"Tulipiga."

"Na wewe ulipiga. Nilikuona." Akaulaza ule mti magotini. "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Hadithi zetu zote ziko kichwani. Mama yangu alizishika kwa mama yake. Nani alisema hiyo siyo kujua?"

Nikamwambia ni kujua, na mtoto wake ana kichwa ambacho sijakiona kwa wengi. Nikamwambia lakini kuna siku atahitaji neno ambalo hakuna mtu wala taa iliyowahi kumwambia, na siku hiyo atakuwa peke yake.

"Hatakuwa peke yake. Atakuwa na mimi."

Sote wawili tuna mvi. Alilielewa mwenyewe, nikaona linamwingia. Akageuka akaendelea kupiga mbaazi, kwa nguvu, mpaka nikaondoka. Maziwa hakunichemshia tena, na ndivyo nilivyostahili kupokelewa siku ile.

Madam Mkuu nilimweleza baadaye. Alikuwa na sababu zote za kukataa, maana picha za uzinduzi zilishasambaa na shule imesifiwa. Hakukataa. Aliandika mwenyewe kwa ofisa, akaeleza yote, na lile la boksi akaliweka, ingawa sikumwomba.

Ofisa akamtafutia nafasi kwenye ile shule ya bweni, na Paskalina akaondoka muhula ulipoanza. Stendi tulikuwa mimi, Deo, ofisa wa ustawi wa jamii aliyemsindikiza, na bibi. Bibi alikuwa amebeba kopo la maziwa, akamnywesha lote pale pale, kama ndama. Mtoto alinipapasa mkono akasema, "Shikamoo Mwalimu." Badala ya kwaheri alisema shikamoo. Nikasema marahaba. Basi likaondoka kuelekea Singida.

Baada ya hapo bibi alikuwa akipita getini na maziwa yake bila kuniamkia. Mnaoishi huku mnajua uzito wake. Mtu unakutana naye asubuhi, mko wawili tu barabarani, anapita kama vile wewe ni nguzo ya umeme. Sikumlaumu. Kila asubuhi nilimwamkia mimi, "Habari za asubuhi, mama," naye akapita. Nikaendelea kumwamkia.

Darasani runinga iliendelea, nami niliendelea kuitumia. Watoto wanasoma, wanasoma kweli, siku hizi naangalia vidole vya kila mmoja. Kwenye kona palipokuwa na boksi Deo alitengeneza rafu ndogo, hajaweka kitu juu yake. Sijamuuliza.

Kisha siku moja, mapumziko, simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti. Matroni wa ile shule anasema, "Maalim, kuna mtu anataka kukusomea."

Nilimsikia Paskalina anavuta pumzi.

"Si... Simba... a... ana... analala. Simba analala chi... chini. Chini ya..." Kimya. Kidole kinasugua karatasi, nilikisikia. "Chini ya j... ja... jabali." Kisha haraka, "Jabali! Mwalimu, ni jabali!"

Nilikaa kwenye dawati la mbele. Deo akaingia, akaniona, akatoka akafunga mlango.

Aliyehifadhi hakwami, wakuu. Anayekwama, akarudi, akajaribu tena, huyo anasoma.

Siku iliyofuata nilimsimamisha bibi getini. Nikasema, "Mama, usiniamkie, ni haki yako. Sikiliza hiki tu." Nikamwekea simu sikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukasawijika. "Sasa mbona hajui? Hapa alikuwa anasoma kama maji. Huko wamemfanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia zamani alikuwa anaturudishia sauti ya yule dada wa ukutani, na huku kukwama ndiko kusoma kwake. Nikamwambia lile neno jabali hakuna aliyemwambia, amelikuta mwenyewe, kwa kidole.

Alilishika kopo la maziwa kichwani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nimekusikia, Mwalimu. Pengine ni kweli. Lakini nyumba yangu imenyamaza."

Akaenda. Hatua chache akageuka akasema, "Habari za asubuhi."

Wakuu, nimejifunza nini? Runinga ile haikumdanganya mtu. Ilisema ilichojazwa, na mtoto akashika alichosikia. Tuliodanganyika ni sisi, kwa kuwa tulikuwa tunaitazama runinga na kumsahau anayeigusa. Na simu, ambayo nayo ni chombo kilekile cha umeme, ndiyo iliyoniletea pumzi ya yule mtoto kutoka mbali. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili, na machungu yake nayapokea. Sijui kama nilifanya sawa. Siku nyingine naamka nikijua nilifanya sawa, siku nyingine nampita yule mama getini na sijui tena.

Walimu mlio humu, na ninyi mliolea watoto wenye macho hafifu, niambieni mngefanyaje. Mnaoona nilimtenganisha mtoto na bibi yake bure, semeni pia, sitakasirika. Nitasoma yote polepole.

Bibi siku hizi hupitia kwangu Jumamosi asubuhi kabla sijaanza madrasa. Hakai. Anasimama mlangoni na kopo lake, ananiambia nimwekee ule ujumbe. Wote hautaki.

"Rudisha," ananiambia, "pale anapokwama."